Ukijaliwa Binti Brazili, Usisaini Kabla ya Kusoma Jina Lake

Binti yangu alikaa miezi mitatu akiitwa Acha. Sitanii. Ndivyo cheti chake cha kuzaliwa kilivyosema, na aliyekisaini ni mimi babake.

Tulitaka Helena Asha: Helena la hapa São Paulo, Asha la bibi yake Tanga. Tukafika kartorio, ofisi inayosajili vizazi, karani akauliza, "Com xis ou cê-agá?" Mimi nikadaka "agá" peke yake. Najua ndiyo H yao, na Asha ina H, basi nikajibu kifua mbele: cê-agá. Kumbe ile sauti yetu ya "sh" Mbrazili huiandika kwa x au kwa ch. Aliuliza aandike Axa au Acha, nami nikamchagulia. Akanigeuzia skrini nihakiki. Nikaona Helena, nikaona jina la ukoo, nikasaini.

Picha ya cheti tuliituma nyumbani mtoto ana miezi mitatu. Bibi akapiga simu saa ile ile: "Kakosa nini mtoto wa watu mpaka mmwache?"

Kwa hiyo jina usilitaje kwa mdomo. Liandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi, mkabidhi karani, kisha lisome kwenye skrini herufi moja moja, la kwanza, la pili na la ukoo. Hata kama Kireno chako kimenyooka. Tena hasa kikiwa kimenyooka, maana mimi kilichoniponza ni kujiona najua.

Sheria namba 14.382 ya 2022 inawapa wazazi siku 15 baada ya usajili kulipinga jina palepale kartorio, na wote wawili wakikubaliana linabadilishwa bila mahakama. Siku hizo mimi nilizilalia. Zikishapita ni maombi ya kusahihisha, vielelezo, tafsiri za mfasiri aliyeapishwa, njoo kesho. Na kila karatasi iliyozaliwa na kile cheti, CPF (namba ya mlipa kodi), kadi ya SUS (huduma ya afya ya serikali), kitabu cha chanjo, nayo inasema Acha, na kila moja ina dirisha lake na foleni yake. Soma kabla ya kusaini, ndugu yangu.

Hatua nyingine ni nyepesi: karatasi ya njano ya hospitali, pasipoti zenu, ndani ya siku 15 tangu mtoto azaliwe, bure. Mtindo wetu wa jina la baba kisha la babu watauona kioja. Wao hutanguliza ukoo wa mama, wa baba ukaja mwisho.

Sasa majina yenyewe. H Mbrazili haitamki, na R ya mwanzo wa neno anaitamka kama H yetu. Halima atakuwa "Alima", na maskini Rehema atakuwa "Heema". Saida ni neno lililobandikwa juu ya kila mlango wa kutokea. Tatu ni mnyama mwenye magamba, anayefanana na kakakuona wetu. Mtoto atataniwa mpaka amalize shule.

Geuza na upande wa pili. Sisi tulikuwa tumeshapanga Maria Vitória, jina zuri kabisa, mpaka jirani alipoanza kulisemesha tumbo la mke wangu: "Mavi! Mavi!" Ndivyo wanavyolifupisha. Mke wangu aliingia ndani akafunga mlango. Wabrazili hawaachi jina bila kulikata: Maria Eduarda ni Duda, Aparecida ni Cida, Francisca ni Chica. Uliza kifupi chake kabla hujalipenda.

Na ndugu zetu wa nyumbani, tunawapenda, lakini shangazi anatuma Guadalupe kwa sababu kalisikia kwenye tamthilia. Shangazi, hiyo ni Meksiko, Brazili haisemi Kihispania. Mjomba yeye alitaka Neymara. Tulimjibu mtandao unasumbua.

Ukiwa Mwislamu, njia rahisi ipo. Wahamiaji wa Syria na Lebanon walikuja hapa na majina yao, ndiyo maana Yasmin, Samira na Leila hayamshangazi mtu. Fátima nalo limejaa, ingawa wao wanamkusudia Bikira Maria wa mji wa Fátima, Ureno. Bibi ataridhika na karani ataridhika. Janaína linapendeza sikioni, ila ni jina jingine la Iemanjá, anayeabudiwa kama malkia wa bahari, kwa hiyo pimeni wenyewe. Iara na Moema yana asili ya Kitupi, lugha ya wenyeji wa asili wa Brazili. Dandara wanalipenda Wabrazili weusi kwa kumbukumbu ya Palmares, makazi ya watumwa waliotoroka. Maria peke yake, katika sensa ya 2010, walikuwa zaidi ya milioni 11, kwa hiyo ukichagua Maria ongeza la pili.

Jina la kwanza hapa ndilo linalofanya kazi yote. Hata Dilma Rousseff, aliyewahi kuwa rais wao, waliitwa naye Dilma tu, na orodha ya darasani inapangwa kwa jina la kwanza. Mwanzoni niliona ni utovu wa adabu, siku hizi nimezoea. Ila ile heshima ya kuitwa Mama Helena mke wangu hajaipata: kliniki nesi humwita "mãe" tu, yaani mama, yeye na wenzake wote kwenye benchi.

Cheti kipya kilitoka. Nilikisoma mara tatu palepale dirishani, foleni ikinung'unika nyuma yangu.