Ukitaka kupikia kambi ya macho Ukerewe

Mimi ni mama ntilie wa Kirumba, Mwanza. Mara tatu sasa nimefunga banda wiki nzima nikavuka ziwa kwenda kisiwa cha Ukerewe kupikia kambi ya macho. Madaktari wanatoka Ulaya kwa nauli zao, wanatoa mtoto wa jicho bure, na mimi napika bure. Wenzangu wanaouliza nao waendeje, nawajibu hivi.

Kwanza uliza nani ananunua. Unajitolea mikono, hujitolei mtaji. Unga, gesi, nauli ya meli mpaka bandari ya Nansio, pa kulala: yote yasemwe kabla hujafungasha. Kadi ya kupima afya usiiache nyumbani, na kisu chako pia, maana kisu cha kambi hakikati hata nyanya.

Kisha omba majina ya wageni na vitu wasivyokula. Safari ya kwanza sikuomba. Nikaunga mchicha kwa karanga kama kawaida yangu, nesi mmoja akavimba midomo hata sahani hajamaliza. Afadhali alikuwa katikati ya madaktari! Tangu siku hiyo karanga ni za kula nyumbani kwangu tu.

Mchele, dagaa na viungo nunua huku Mwanza, dagaa chagua mwenyewe pale soko la Mwaloni. Mihogo, viazi na sato utavikuta kule.

Kazi yenyewe ni maji. Ya ziwa hata yakiwa maangavu usiyaamini. Mimi nachemsha usiku, yatokote kweli siyo kutoa mvuke tu, yapoe yakiwa yamefunikwa. Hayo ndiyo ya kunywa, ya kuoshea kachumbari na ya kusuuzia vyombo. Daktari akishikwa na tumbo, wazee waliovuka kutoka kisiwa cha jirani cha Ukara wanarudi na macho yao yaleyale.

Halafu saa. Madaktari watakwambia wanatoka thieta, chumba cha upasuaji, saa saba, watatoka saa kumi. Ugali wangu wa siku ya kwanza uliwasubiri ukawa tofali. Siku hizi maharage na mchuzi wa sato ndivyo vinavyosubiri, viko jikoni vinatokota polepole. Maji ya ugali yanachemka pembeni, nasonga nikimwona wa kwanza anavua kofia. Sato mtoe miiba, wageni hawaijui. Wali uliobaki mchana usiulaze ukawapa kesho. Wape majirani mapema ungali wa moto. Kilo moja ya mchele nalisha watu wanane. Siku mbili za mwanzo watadonoa, ya tatu wanagombea ukoko.

Asubuhi amka saa kumi. Bandeji zinafunguliwa mapema, na wagonjwa wanataka uji kabla wageni hawajataka chai.

Kitu cha mwisho, beba matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Nilibeba ya kwangu mwenyewe, daktari wa usingizi akayaonja, yakaisha siku ya pili. Sasa wakinipigia simu kuulizia kambi ijayo, wanaanza na hayo.