Unataka kuwa mtafiti wa diski za mgongo? Anzia hapa

Mdogo wangu uliyemaliza MD (shahada ya udaktari), au uko intanishipu na unawaza kuingia kwenye utafiti wa mgongo, usianze na andiko lile ambalo kila mtu analiwaza kwanza: "tuwapige MRI wanaoumwa mgongo tuone wangapi diski zao (zile pedi laini kati ya pingili za mgongo) zimechakaa". Utapata asilimia kubwa, utafurahi, halafu mtu atakuuliza wasioumwa je? Mwaka 2015 mtafiti Brinjikji na wenzake walikusanya tafiti za watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo, wakakuta kwa wenye miaka 20 asilimia 37 picha tayari inaonyesha uchakavu, na kwa wa miaka 80 ni asilimia 96. Kwa hiyo bila kundi la kulinganisha hauna kitu, kazi yako yote kwenye fani hii ni kutenganisha picha na maumivu.

Baiolojia isome vizuri ila usizame humo miaka mitatu. Cha kushika ni kwamba diski ya mtu mzima katikati haina mishipa ya damu, chakula kinapenya taratibu kupitia gegedu la juu na la chini, na zile proteoglikani (molekuli za protini na sukari) zinazoshika maji zikipungua diski inakauka na kusinyaa. Ndiyo maana ikishaharibika haijirudi kirahisi.

Mkono wako uuzoeze kusoma picha, hapa ndipo wengi wanapoanguka. Tumia gredi za Pfirrmann za mwaka 2001 za kupima uchakavu wa diski, ni tano, unaangalia picha ya T2 (aina ya picha ya MRI ambayo maji yanaonekana meupe) iliyokatwa kwa ubavu. Gredi 1 katikati ni peupe kabisa, maji yamejaa. Gredi 3 ni kijivu na mpaka wa katikati na pembeni hauonekani vizuri. Gredi 5 ni nyeusi na nafasi kati ya pingili imebonyea. Ya 3 na ya 4 ndizo zitakazowagombanisha, kwa hiyo wasome watu wawili, kila mtu kivyake, bila kujua umri wala malalamiko ya mgonjwa, halafu baada ya wiki kadhaa warudie picha zilezile zikiwa zimechanganywa, ndipo mpige kappa, yaani kipimo cha wasomaji wanakubaliana kiasi gani. Ukiruka hii jarida litakurudishia na watakuwa na haki.

Ukitaka kuona swali zuri linafananaje, angalia watafiti wa mgongo Michele Battié na Tapio Videman. Enzi hizo wengi waliamini diski zinaharibiwa na kubeba mizigo, basi wao wakatafuta Finland mapacha wa kufanana walioishi maisha tofauti, mfano mmoja kafanya kazi nzito na mwenzake ya kukaa. Kwenye ripoti ya 1995 walikuwa na jozi 115 za wanaume, na diski za mapacha zilifanana mno, kazi nzito ikaeleza sehemu ndogo tu, mambo ya kifamilia, urithi ukiwemo, yakaeleza sehemu kubwa zaidi. Hawakuwa na mashine ya ajabu, walikuwa na watu sahihi wa kulinganisha.

Hapa kwetu njia ya kawaida ni MMed (shahada ya uzamili ya udaktari) ya mifupa au radiolojia, na tasnifu yako ndiyo utafiti wa kwanza. Msimamizi chagua anayechapisha na wanafunzi wake, tafuta jina lake PubMed (hifadhi ya mtandaoni ya makala za kitabibu) uone, usidanganyike na cheo. Kibali cha maadili cha chuo anza mapema sana, na kama kazi yako inahitaji cha taifa basi Tanzania ni NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), na Kenya utahitaji leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu). Pesa usizitegemee mwanzoni, wengi wanaishi kwa kliniki na kuandika usiku.

Na picha chukua kwenye CD au kwenye mfumo wa hospitali zikiwa DICOM (faili halisi za picha za hospitali), uzifute majina. Usipige filamu kwa simu ikiwa imebandikwa dirishani, ule weupe na ukijivu unapotea na gredi zote utakazoweka hapo ni za kubahatisha.