Parachichi la uani: usilizike, usiliache lirefuke, usivune kwa pupa

Huku kwetu tuna mazoea mabaya na parachichi. Kwa sababu kokwa ukilitupa jalalani mvua za Novemba zikianza tu linachipua, Tukuyu, Mufindi, Njombe kote liko, basi tunaona ni mti usio na masharti, unachimba unafukia unaondoka. Mimi wa kwanza niliua hivyohivyo. Nilinunua mche mzuri tu wa kubebeshwa (yaani kikonyo cha mti mzuri kimeungwa juu ya mche uliootea kwenye kokwa), nikaona huku Uyole upepo ni mkali acha nizamishe ushikilie vizuri, nikafukia mpaka pale ulipobebeshwa. Masika ya kwanza ulikaa, masika ya pili majani yakaanza kuwa madogo, ya njano, matawi ya juu yakakauka kuanzia nchani, nikadhani ni njaa nikaongeza mbolea. Kumbe chini mizizi imeshaoza. Parachichi halitaki maji yaliyotuama, kuna ugonjwa wa kuoza mizizi unakaa kwenye udongo wenye maji mengi na ukishaingia ni shida kuutoa.

Kwa hiyo ukichimba shimo, sentimita 60 kila upande na kwenda chini zinatosha, udongo wa juu uweke pembeni peke yake, uchanganye na debe mbili za samadi iliyooza (iliyooza jamani, ile mbichi ya moto inaunguza mizizi), rudisha, shindilia kidogo kwa mguu, halafu panda mche ukiwa kwenye kilima kidogo, yaani ukimaliza uonekane umeinuka kuliko uwanja. Pale pa kiungo pabaki juu kabisa, hata shubiri moja kutoka ardhini. Udongo utashuka wenyewe baadaye usiogope. Na ule mkanda wa nailoni waliofungia wakati wa kubebesha, ukiona pameshikana vizuri ukate, maana watu wanausahau unakaba mti mpaka unavunjikia hapohapo.

Kama uwanja wako ni tambarare na mvua ikinyesha panakuwa dimbwi, tafuta sehemu nyingine au inua tuta kubwa kabisa. Na usipande kwenye ukuta wa nyumba, sogea mita 5 au zaidi, mbali na shimo la choo, na mbali na waya za umeme maana siku tawi likigusa waya hiyo siyo kazi ya panga lako, waite TANESCO.

Mche wa kubebeshwa kwenye mwaka wa 3 au wa 4 unaanza kukupa, wa kokwa unaweza kusubiri miaka 7 na zaidi na hujui litatoka tunda gani. Ukiwa Mbeya ulizia pale kituo cha utafiti TARI Uyole wakuelekeze kitalu cha kuaminika, usinunue tu barabarani kwa sababu mche umenenepa. Chochote kinachochipua chini ya kiungo kitoe kwa mkono kikiwa kichanga, hicho ni mti wa kokwa unataka kurudi, ukikiachia kitaupita ule ulioununua.

Watu wanauliza wapande aina gani, Hass au Fuerte. Kama una nafasi weka yote mawili. Ua la parachichi linafunguka mara mbili, mara ya kwanza kama jike halafu linafunga, kesho yake linafunguka tena kama dume. Hass jike lake ni asubuhi, Fuerte jike lake ni mchana, kwa hiyo yakiwa jirani moja lina poleni, ule unga wa ua dume, wakati mwenzake anaihitaji, na nyuki ndio wanaobeba. Ndiyo maana wakati wa maua usipige dawa ya wadudu hovyo. Na usishtuke maua yakipukutika, katika maua 1,000 hata 10 hayafiki kuwa tunda, ndivyo lilivyo.

Sasa jembe. Liweke mbali na shina, mizizi inayokula iko juujuu, kila ukipalilia kwa jembe unaikata. Magugu ng'oa kwa mkono, kisha tandaza nyasi kavu au maganda ya maharage kuzunguka mti, ila yasiguse shina, acha shubiri. Kiangazi cha miaka miwili ya mwanzo, Juni mpaka mvua zirudi, mwagilia, debe moja mara mbili kwa wiki inatosha. Kama unakaa kwenye mabonde yale ya Njombe ambako Julai unakuta barafu kwenye nyasi asubuhi, mche mdogo ujengee kibanda cha majani usiku.

Kupogolea ndiko tunakozembea. Mti unaachwa unafika mita 10, matunda yako juu, watoto wanapiga mawe, halafu usiku parachichi linadondoka kwenye bati la jirani puu, mama wa watu anaruka kitandani. Mimi wangu nauacha mita 4 hivi. Ukishavuna tu, kabla ya maua, kata tawi linalokwenda juu sana pale lilipotokea, usiache kisiki, na usizidishe theluthi moja ya mti kwa mwaka. Tawi nene kata kwanza kwa chini kidogo, ndio uje na msumeno juu, la sivyo linachanika na gome lote. Msumeno ufute kwa spiriti ukihama mti mwingine. Matawi yaliyokuwa kivulini yakibaki wazi yapake chokaa ya maji, jua linayababua.

Kuvuna nako kuna mambo. Parachichi haliivi mtini, linaiva likishachumwa, hivyo usisubiri lilainike huko juu. Chuma moja tu, weka ndani wiki moja na zaidi, likisinyaa na kuwa kama mpira bado, subiri. Likilainika bila kusinyaa, haya, anza. Kata kwa mkasi uache kikonyo kifupi, ukilinyofoa linaozea hapo. Yaliyoanguka na kuoza fukia chini kabisa, futi mbili hivi, nzi wa matunda wanazaliana humo.

Ukitaka liive haraka liweke kwenye mfuko wa karatasi na ndizi mbivu. Bonyeza karibu na kikonyo, siyo tumboni, tumboni unaliacha na doa jeusi. Kwangu linaliwa na wali maharage, chumvi na ndimu basi, watoto wanapaka kwenye mkate. Nusu iliyobaki iache na kokwa lake, ipake ndimu, funika na bakuli, asubuhi bado ni kijani.