Jinsi ya kuweka bastola ya laiseni kwa nyumba iko na watoto

Mimi ni fundi wa sefu hapa Nairobi. Tangu ile Desemba 2018 serikali ifute laiseni za bunduki za raia ikasema kila mtu apigwe msasa upya, wateja wa sefu za bastola huwa wananiuliza kitu moja tu, iko na fingaprinti?

Ngoja kwanza. Anza na bastola yenyewe, mdomo uangalie mahali hakuna mtu, kidole kikae mbali na triga. Toa magazini (kile kisanduku cha risasi kwa mpini), HALAFU ndio uvute slaidi (ile sehemu ya juu inarudi nyuma), ile risasi iko chemba, yaani tayari kwa mtutu, iruke, uchungulie na uguse ndani na kidole. Ukianza na slaidi magazini ikiwa bado ndani unatoa risasi moja na ingine inapanda hapo hapo, sasa ukichomoa magazini unadhani iko tupu kumbe imebaki na moja, na ndio unasikia mtu amejipiga akisafisha.

Risasi weka kando, zifungiwe pia.

Sefu nazo, hizi ndogo mwizi hahangaiki kufungua, anaweka kwapani anaenda. Ziko na matundu nyuma, piga bolti kwa ukuta wa mawe, sio kwa kabati la chipbodi, na uangalie waya za stima hazipiti hapo kabla utoboe.

Tukuje kwa fingaprinti. Mkono ukiwa na unga wa chapati au jasho inakataa, so sajili vidole viwili vya kila mkono. Ukishasajili, ita watu wengine wa nyumba wajaribu na vidole vyao, mara nyingi, bastola ikiwa haiko ndani. Usinicheke, Marekani mwaka 2023 waliita sefu kama 61,000 zirudishwe kwa sababu mwenyewe alikuwa anaamini amesajili kidole na kumbe inafungukia kidole cha mtu yeyote, na mtoto wa miaka 12 alikuwa ameshakufa. (Na wale mnauliza bastola inayomjua mwenyewe, kulikuwa na moja ya kampuni ya Armatix inafanya kazi na saa ya mkononi, 2017 haka (hacker) mmoja akaishinda na sumaku za kama dola 15.)

Shida kubwa nayoona mimi ni ufunguo wa akiba. Kuna mama mmoja South B nilienda kumbadilishia betri, nikauliza ufunguo uko wapi, kabla ajibu kijana wake wa darasa la pili akapanda kiti akautoa kwa kikombe juu ya friji akaniletea, na adabu kabisa, "shika fundi." Huo ufunguo usikae kwa hiyo nyumba.

Namba ya bastola andika mahali pengine, sio ndani ya sefu, ikiibiwa uende stesheni siku hiyo hiyo utoke na namba ya OB, kile kitabu cha ripoti cha polisi.