Jinsi ya Kuchagua Chuo cha Urubani Katika Uwanja wa Wilson

Anayetaka kusomea urubani jijini Nairobi hana budi kufika Uwanja wa Ndege wa Wilson, kando ya Barabara ya Lang'ata, kwani vyuo vingi vya urubani vya jiji hili viko huko. Kila mlango atakaobisha atapokewa vizuri, ataonyeshwa madarasa na wanafunzi waliovalia mashati meupe yenye alama mabegani, kisha atapewa karatasi ya karo. Hayo yote yana nafasi yake, lakini swali la kutangulizwa ni moja: je, mwanafunzi wa chuo hiki huruka mara ngapi kwa juma?

Nalitanguliza swali hilo kwa sababu urubani ni kazi ya mikono na macho, na mikono husahau upesi. Anayeruka mara tatu kwa juma husonga mbele, ilhali anayekaa majuma matatu akingoja ndege itengenezwe hutumia sehemu kubwa ya somo linalofuata kurudia aliyokwisha kuyajua, na saa hizo za marudio huzilipia yeye mwenyewe. Kwa hiyo omba kuonyeshwa ratiba ya safari za mafunzo ya juma lililopita, wala si ya juma lijalo, uone ni safari ngapi zilifutwa na kwa sababu gani. Kufutwa kwa sababu ya mawingu mazito ya asubuhi za Julai ni jambo la kawaida Nairobi. Kufutwa kwa kukosa ndege au mkufunzi ni habari nyingine kabisa.

Kisha omba kupelekwa mahali ndege zinapoegeshwa. Chuo kinaweza kutangaza ndege sita huku zinazoruka zikiwa mbili, na macho yako yatakuambia mengi: ndege ambayo kioo chake kimefunikwa na vumbi na tairi zake zimelegea haikuruka jana wala juzi. Uliza ukaguzi wa kila saa 50 na wa kila saa 100 za kuruka hufanywa na mafundi gani, na ndege hukaa karakana kwa muda gani. Idadi ya wanafunzi uilinganishe na ndege zilizo tayari kuruka, si na zile zilizo kwenye picha.

Karo nayo inahitaji kusomwa kwa makini. Leseni ya rubani binafsi kwa kawaida hudai saa 40 za kuruka, na ile ya rubani wa biashara saa 200, au 150 kwa aliyesoma kozi iliyoidhinishwa mfululizo. Hicho ni kiwango cha chini, na mara nyingi bei unayotajiwa imejengwa juu yake, kwa hiyo waulize wahitimu wa karibuni walimaliza kwa saa ngapi hasa. Uliza pia saa huhesabiwa kwa mita ipi. Kuna mita inayoanza kuhesabu injini inapowaka, na kuna inayofuata mizunguko ya injini, ambayo huenda polepole ndege ikiwa ardhini. Tofauti hiyo si ndogo pale Wilson, ambapo asubuhi ndege za abiria aina ya Caravan ziendazo Maasai Mara hupanga foleni ya kupaa, na ndege ya mafunzo hungoja nyuma yake injini ikiunguruma. Kungoja huko kuna faida, maana mwanafunzi husikiliza redio ya mnara wa kuongozea ndege na kuzoea lugha yake, lakini ni haki yake kujua kunamgharimu kiasi gani.

Jambo linalonigusa zaidi ni la usalama. Wilson uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Alasiri yenye joto la nyuzi 25, hewa ya hapo huwa nyepesi kama ya kimo cha futi 8,000 hivi, nayo Cessna 152, ndege ndogo ya mafunzo yenye injini ya nguvu farasi 110 tu, hupaa kwa uvivu ikiwa imebeba watu wawili wazito na matangi yaliyojaa. Mwombe mkufunzi akuonyeshe jinsi wanafunzi wake wanavyokokotoa uzito na urefu wa njia ya kurukia unaohitajika kabla ya safari. Akichukua kitabu cha ndege, akafungua majedwali na kukufafanulia hatua kwa hatua, hiyo ni dalili njema sana. Akisema ndege hiyo hupaa kila siku bila shida, tafuta chuo kingine.

Wakufunzi wengi vijana hufundisha huku wakikusanya saa za kuwafikisha kwenye mashirika ya ndege. Hilo si kosa, ila uliza nani atakufundisha mkufunzi wako akiondoka katikati ya kozi, na kama kuna mkufunzi mkuu anayesimamia maendeleo ya kila mwanafunzi.

Usisahau kuomba cheti cha idhini kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na usome ni kozi zipi zilizotajwa ndani yake, kwa kuwa idhini ya kozi moja haihalalishi nyingine. Kabla ya kulipa chochote, mwanafunzi anayelenga urubani wa biashara apimwe afya kwa daraja la kwanza, yaani kiwango cha juu kabisa, na daktari aliyeidhinishwa, kwani ni heri kujua mapema hali ya macho na moyo kuliko baada ya mzazi kuuza shamba.

Mwisho, usilipe karo yote kwa mkupuo, hata ukiahidiwa punguzo. Lipa kwa awamu zinazolingana na saa ulizoruka, na mkataba uandike waziwazi salio litarudishwa vipi na kwa muda gani mwanafunzi akiacha au chuo kikisimama, pamoja na nani atakayebeba sehemu isiyolipwa na bima ndege ikiharibika mikononi mwa mwanafunzi.