Kuusoma moshi wa Dar es Salaam kutoka juu

Duka langu liko Manzese, karibu na Barabara ya Morogoro. Jioni nikipangusa meza, kitambaa cheupe kinatoka na masizi. Lakini kitambaa hakiniambii kama mwaka huu hewa ni mbaya kuliko mwaka jana, ndiyo maana nikajifunza kusoma data za setilaiti.

Fungua akaunti ya Google Earth Engine, jukwaa la mtandaoni la kuchambua data za setilaiti. Kwa matumizi yasiyo ya biashara ni bure. Tafuta Sentinel-5P, setilaiti ya Ulaya iliyorushwa Oktoba 2017, uchukue data za nitrojeni dayoksaidi, yaani NO2. Gesi hii hutoka kwenye injini na mitambo inayochoma mafuta au gesi, na mchana haidumu hewani ila saa chache, kwa hiyo ukiiona, ujue ilikotoka si mbali. Kisha chora eneo lako. Usichore mtaa mmoja: kila kipande cha picha ni kama kilomita 5.5 kwa 3.5, na Manzese inamezwa humo pamoja na majirani zake. Mimi nachora kuanzia Mbagala hadi Tegeta.

Picha ya siku moja usiiamini. Piga wastani wa mwezi, na uandike pembeni ni siku ngapi zilikuwa na data, maana mawingu huziba. Aprili, masika ikikolea, siku zinazobaki huwa chache. Mwezi wa namna hiyo nauacha.

Wengi hukosea hapa: wanalinganisha Januari na Julai. Januari ni kaskazi, Julai ni kusi. Upepo umegeuka na moshi umesukumwa kwingine, magari ni yale yale. Linganisha Julai na Julai. Chora pia eneo la pili mbali na jiji, uipunguze thamani yake kwenye ile ya jiji, moto wa mapori usije ukahesabiwa kuwa wa daladala. Na anzia 2021, kwani mwishoni mwa 2020 ukokotoaji wa data ulibadilishwa na namba zikapanda zenyewe.

Setilaiti hupita kama saa saba na nusu mchana. Foleni ya saa moja asubuhi haiioni, wala masizi ya kitambaa changu. Tena hujumlisha gesi yote tangu ardhini hadi kilomita kadhaa juu. Mwelekeo wa miaka nauchukua huko. Kwa hewa wanayovuta watoto wa shule wakisubiri daladala, nataka kipimo cha vumbi laini, kifungwe pale pale kituoni, usawa wa pua zao.