Mgeni kaja Berlin wikiendi ya kiangazi, mzungushe hivi

Mi nakaa Berlin mwaka wa saba sasa na kila ikifika mwezi wa sita simu zinaanza, oya niko Uholanzi kwenye kozi, napita kwako Ijumaa mpaka Jumapili, nitembeze. Zamani nilikuwa nawakimbiza watu, sanamu hili, kanisa lile, mnara ule, jioni mtu anavua viatu miguu imemvimba ukimuuliza umeona nini anakwambia nimeona majengo. Nikaacha. Siku hizi nina mzunguko mmoja tu, mara ya mwisho nimeufanya na mshikaji wangu wa toka sekondari, mtu wa Lindi kabisa, kwa hiyo nitaeleza kama tulivyoenda naye.

Hatua ya 1: kabla hajafika

Jiandikisheni mapema mtandaoni kupanda kwenye kuba la kioo juu ya bunge lao, Reichstag. Ni bure, wanataka majina na tarehe za kuzaliwa tu, na siku yenyewe mgeni aje na pasi yake ya kusafiria, sio picha ya pasi kwenye simu. Chagua Ijumaa, saa za jioni sana. Mwezi wa sita hapa jua linazama kama saa tatu na nusu usiku, na mtu aliyezoea Magharibi ya saa kumi na mbili na kitu atakuuliza mara tatu kama saa yake ni nzima.

Halafu mwambie aje na viatu alivyokwisha kuvivaa. Vipya vya kupigia picha avibebe kwenye begi.

Hatua ya 2: tiketi (soma hapa vizuri)

Treni za chini hapa hazina geti. Unashuka ngazi, treni inakuja, unapanda, hakuna aliyekuuliza kitu, na hapo ndipo wageni wanapoumia. Ukinunua tiketi ya karatasi kwenye mashine ya stesheni lazima uigonge muhuri kwenye kale kaboksi kalikosimama pale jukwaani kabla hujapanda, usipoigonga ni sawa na huna. Mi mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nayo mfukoni, nimelipia kabisa, akaja jamaa kavaa kaptula na begi mgongoni nikadhani abiria mwenzangu, kumbe mkaguzi, akaigeuza mbele na nyuma, akanitoa yuro 60. Nilijitetea kwa Kijerumani changu cha wiki tatu, akanisikiliza kwa upole sana kisha akaniandikia risiti.

Mjini kwenyewe tiketi ya kanda AB inatosha. Kuna ya masaa 24, chukueni hiyo, manake mtapanda na kushuka sana.

Hatua ya 3: Jumamosi asubuhi, mpeleke kwa mjusi

Museum für Naturkunde, makumbusho ya viumbe na mambo ya asili, shukeni stesheni ya Naturkundemuseum kwenye treni ya chini ya U6, wikiendi wanafungua saa nne asubuhi. Muwe pale mlangoni wakati huo huo, familia zenye watoto hazijajaa bado. Ukiingia tu ukumbi wa kwanza anakusubiri, mifupa imesimama mita 13.27, dinosaria, mjusi mrefu kuliko mijusi yote iliyosimamishwa duniani, na katoka kwetu Tanzania, Tendaguru, mkoa wa Lindi. Wajerumani waliwachimba kati ya 1909 na 1913, vita vya Maji Maji vimeisha juzi tu, na mizigo ikabebwa vichwani na mabegani siku kadhaa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu wa kwetu, lakini jina la kisayansi la mjusi, Giraffatitan brancai, limebeba jina la profesa wa huku Berlin.

Usimwambie mgeni mapema. Mwache asome mwenyewe. Mshikaji wangu alikuwa anatembea na simu juu anapiga video, akafika kwenye maandishi, akasoma Ten-da-gu-ru polepole, akashusha simu. Kimya. Nikaona anampigia mama yake, video kol, akamgeuzia kamera mama aone kichwa kule juu karibu na dari, mama akauliza kwa sauti iliyojaa ukumbi mzima, "Sasa hicho ndo walichokifuata huku?" Mlinzi akatusogelea kidogo. Mama akataka kujua kama kuna kiingilio, alivyoambiwa kipo akacheka mpaka picha ikaanza kutetemeka.

Mpe muda hapo, saa moja na nusu au hata mbili. Vyumba vingine piteni tu.

Hatua ya 4: ukuta

Mkitoka shikeni Invalidenstraße kwa miguu kuelekea Nordbahnhof, ni karibu, halafu Bernauer Straße inaanza. Kumbukumbu ya Ukuta wa Berlin, ule uliougawa mji Mashariki na Magharibi, iko pale, ya nje haina kiingilio. Watu wengi wanakwenda kwenye ule ukuta wenye michoro kule mtoni kwa ajili ya selfi, sio vibaya, ila hutaelewa kitu. Bernauer unaelewa, manake hapa nyumba zilikuwa Mashariki na kibaraza cha mbele kilikuwa Magharibi, kwa hiyo ukuta ulivyoanza Agosti 1961 watu walikuwa wanaruka madirishani kwao wenyewe kutafuta nchi nyingine. Pandeni ule mnara wa kutazamia, utaona kipande kilichoachwa kama kilivyokuwa, ukuta, uwanja mtupu, ukuta tena.

Jua likiwa kali chupa ya maji isikosekane. Maji ya bomba ni salama, jazeni nyumbani. Na mkinunua soda chupa usitupe, ya plastiki unarudishiwa senti 25 dukani. Mshikaji alivyojua hilo akageuka mkusanyaji, begi lote linagonga kwa makopo.

Hatua ya 5: mishikaki uwanja wa ndege

Bernauer Straße hapo hapo kuna U8, inawapeleka moja kwa moja mpaka Hermannplatz. Nunueni nyama, mkaa na ndimu kwenye maduka ya Waturuki, na nunueni siku hiyo hiyo ya Jumamosi vitu vya kesho pia, kwa sababu Jumapili karibu maduka yote ya mji huu yanafungwa, usije ukamlisha mgeni chips za stesheni. Mkimaliza piteni Lucy-Lameck-Straße, dakika chache tu kwa mguu. Mpaka 2021 mtaa huo ulikuwa na jina la Wissmann, yule yule Mjerumani aliyekuja kumzima Abushiri pwani ya kwetu, sasa unaitwa kwa Lucy Lameck, mwanasiasa wetu wa Moshi. Mkodolee macho kibao, piga picha, endeleeni.

Mbele ni Tempelhofer Feld. Ulikuwa uwanja wa ndege, ukafungwa 2008, ukafunguliwa kwa wananchi 2010, na 2014 wenye mji wakapiga kura wasijengewe nyumba pale. Kwa hiyo mnatembea katikati ya njia ya kurukia ndege na ndala, watoto wana baiskeli, mtu anarusha tiara. Kuchoma ni kwenye sehemu zilizotengwa tu, na kukiwa kukavu sana wanakataza moto, angalieni vibao vya getini. Mishikaki muiloweke tangu Ijumaa usiku kama unaweza, sisi tuliipaka pale pale ikatoka ngumu kiasi lakini hakuna aliyelalamika. Giza likiingia mageti yanafungwa, msijisahau.

Hatua ya 6: Jumapili, meli ya bure (karibu)

Amkeni mkitaka. Treni ya S1 au S7 mpaka Wannsee, shukeni mpaka gatini, mpande feri F10 kwenda Kladow. Dakika 20 ziwani, upepo, mashua za matanga kila upande, na tiketi ya aina ile ile ya AB inakubali, wakati meli za watalii wa mjini zinakula hela. Inaondoka mara moja kila saa na siku ya jua foleni ni ndefu, wahini. Kladow kaeni ufukweni mle mabaki ya jana. Mtu wa Lindi alionja maji kwa kidole, akatema, akasema hayana chumvi haya, bahari gani hii.

Kurudi, pitieni nyumbani mchukue begi. Uwanja wa ndege uko kanda C, kwa hiyo AB haifiki, nunueni ABC. Na mkishainunua, igongeni.